Kichala Kisichochambulika

Neno lenyewe ni botrioidi.
Lilikuja Ibra ndani ya sanduku la mbao,
kwenye karatasi ya mtaalamu aliyekwisha kwenda zake:
malakiti, umbo botrioidi, mgodi wa kale wa shaba,
nambari mia mbili na kumi na saba.
Kazi yangu ni kadi. Kiarabu juu, Kiingereza chini,
katika chumba kimoja chenye kiyoyozi
kinachodondoshea maji yake kwenye ndoo.

Nikalifungua neno kama mtu anavyofungua pindo la leso:
ndani mna zabibu.
Wayunani wa kale, nadhani, walikuwa na zabibu machoni,
wakaziona hata kwenye jiwe.
Ustadh Yaarub akasema, andika anqudi, yatosha,
na Kiarabu kikawa kimekwisha kabla ya chai kupoa.

Lakini mimi nina lugha ya tatu,
ya jikoni, ya kugombezwa na kuombewa dua,
na kadi haina mstari wake.

Alhamisi nikalifunga jiwe kwa taulo
(wizi wa siku tatu, Mungu anisamehe)
nikampelekea mama.
Bi Shinuna binti Khalfan, mzaliwa wa Wete,
macho yalizimika zamani, kwanza la kushoto;
siku hizi anasoma kwa vidole
na muuza samaki hawezi kumdanganya kwa noti.

"Nini hiki?"
"Niambie wewe."

Akalipapasa. "Baridi. Zito kuliko ukubwa wake.
Aa. Kichala."
Nikachomoa penseli.
"Ngoja. Si kichala."

Kichala kina kikonyo, akasema.
Kina pa kuingilia, kidole gumba kinapajua.
Ana miaka sita, amekaa jamvini, kibatari kinafuka,
anachambua karafuu kwa kiganja,
karafuu huku, makonyo kule,
mpaka mkono unanuka wiki nzima, hata shuleni.
Kiganja kile kile sasa kinazunguka juu ya jiwe
na hakuna kinachoanguka.

"Mkungu una chane, chane ina ndizi.
Hata tende, ukivuta, moja itakujia.
Hiki hakinipi hata moja."
"Povu, basi?"
"Povu lina pumzi."
"Vitumbua?"
"Vya mpishi mbaya," akacheka mpaka akakohoa.

Nikamweleza nilivyosoma:
maji yaliyobeba shaba yalitona ndani ya ufa,
kila kitovu kikaanza kukua peke yake,
ngozi juu ya ngozi, kijani juu ya kijani,
hakijui kwamba kando yake kuna mwenzake,
hadi siku walipogusana mabega.
Kuanzia hapo wakakua kwa pamoja.

Mama akanyamaza. Akalipindua jiwe, akalirudisha.
"Nyumba ya Mudhaireb," akasema.
Tulifika familia saba, kila mtu na sanduku lake,
chumba kikaongezwa ubavuni mwa chumba,
ukuta mmoja ukila ukuta mwingine.
"Wewe ulinyonya kwa Raya nilipougua homa.
Mwanawe nikampiga kofi kwa kuvunja birika,
na Raya akanishukuru.
Siku ya kuhama tulikaa uani tukashindwa kugawana masufuria."

Sikuandika kitu. Alikuwa bado amelikumbatia,
kana kwamba lingeamka.

Jumapili nikalirudisha.
Juu, anqudi. Chini, lile la Wayunani.
Nyuma ya kadi, kwa penseli, herufi ndogo:
kichala kisichochambulika.

Ustadh Yaarub akaigeuza, akakunja uso.
"Hii nini?"
"Vipimo," nikamwambia.
Akatia saini.

Kwenye kiduara kimoja, karibu na ukingo,
kumebaki alama ya kidole, ya samli.
Kanuni zinasema nifute kwa kitambaa kikavu.
Kitambaa kipo, kwenye droo.